Lugha Iliyobaki Ghalani

Jumatatu, 15 Aprili

Idd imepita, kaimati zimekwisha, na leo nimerejea kazini Shimanzi. Yamenibakia masika haya tu. Mwisho wa Juni nastaafu, nami sitaki siku hizi zipite bila kuandikwa. Maisha yangu yote ya kazi nimekuwa nikiiandikia mashine. Si vibaya masika haya nijiandikie mwenyewe.

Kwa atakayezishika kurasa hizi: mimi ni Nana Zein, mzaliwa na mkazi wa Kibokoni, mke wa Riyadh fundi wa mafriji wa Makadara. Nasimamia kompyuta za Maghala ya Mwambao. Chai hutoka viwandani huko bara, hupimwa kwetu, hupangwa, hungoja mnada, kisha huenda melini. Mfumo unaojua kila gunia ni la nani na liko wapi niliuandika mimi, miaka ishirini iliyopita, kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java. Wakati huo wanawake waliokuwa wakifanya kazi hii Mombasa ungeweza kuwaweka wote katika tuk-tuk moja, na nafasi ya mizigo ingebaki.

Leo mkurugenzi wetu mpya, Bwana Maxwell, alituita. Ni mtu wa bara, hajamaliza mwaka hapa, na viatu vyake vingali vinang'aa. Akasema ameleta wataalamu kutoka Nairobi waje kuuchunguza mfumo, na kwamba huenda ukaandikwa upya wote.

"Si kwamba ni mbaya, Bi Nana," akasema. "Ni mzee."

Aliposema mzee alinitazama mimi.

Alhamisi, 18 Aprili

Wataalamu wamekuja. Kiongozi wao ni Nabiha.

Nabiha, binti yangu! Yule aliyekuwa akifanya hesabu zake za darasa la tatu chini ya meza yangu, nikiandika mfumo huohuo anaokuja kuuvunja. Nilijua ana kazi katika kampuni ya programu Nairobi, lakini sikujua la huku. Alikuwa kwangu Idd nzima, akala mkate wangu wa sinia, na hakunena.

Bwana Maxwell aliona uso wangu. "Bi Nana, najua huyu ni mwanao. Alinieleza mwenyewe kabla ya mkataba. Nikamuuliza kama atakuonea huruma, akasema hapana."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Nabiha akasimama, akaeleza kwa utulivu. Mfumo una umri mkubwa. Unategemea mtu mmoja, na mtu huyo anaondoka. Kampuni yake inapendekeza uandikwe upya kwa lugha mpya iitwayo Rust, ambayo ni ya kasi na ambayo huzuia makosa mengi kabla hayajatokea. Alizungumza vizuri. Nilikuwa na hasira, na bado nikaona amezungumza vizuri.

Jioni nyumbani nilimwuliza kwa nini hakuniambia.

"Mkataba ulikuwa haujatiwa sahihi, Mama. Ningekwambia ningekuwa nimetoa siri ya kazi. Si wewe uliyenifunza hivyo?"

Ni mimi, kweli. Riyadh akauliza Rust ni nini. Nikamwambia maana yake ni kutu. Akaangusha kijiko.

"Kutu? Katika kisiwa hiki? Mimi nala kwa sababu ya kutu, na nyinyi mwataka kuileta kwa makusudi?"

Nabiha alicheka mpaka akatokwa na machozi. Hata mimi.

Jumatatu, 22 Aprili

Manyunyu alfajiri. Jua mchana. Hakuna la kuandika.

Ijumaa, 26 Aprili

Baada ya swala tulikula samaki wa kupaka, na kabla sahani hazijaondolewa tukaanza.

Nilimwambia Nabiha: lugha kongwe si lugha iliyochoka. Benki zinaitumia. Kampuni za simu zinaitumia. Nilichokiandika zamani kingali kinafanya kazi kwenye kompyuta ambazo wakati ule hazikuwa zimeundwa. Likitokea tatizo, kuna watu ulimwenguni waliolipata kabla yako, wakalitatua, wakaacha maelezo. Mfanyabiashara mwenye chai ya watu mikononi mwake hatafuti lugha ya kujisifia. Atafuta ile isiyomwamsha na balaa jipya.

Nabiha alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mama, mimi siitukani Java. Naitumia. Nasema msimbo wako haufahamiki na mtu mwingine. Kuna sehemu zina maelfu ya mistari bila neno moja la maelezo. Umeziita sehemu zake Gunia, Fungu, Lundo, Mnada. Wenzangu wawili wamenijia wakiuliza Lundo ni nani."

"Ni Kiswahili! Wasome!"

"Ni Kiswahili, naam. Lakini wewe na lugha ile si kitu kimoja. Akiigusa mtu, wewe waona umeguswa wewe."

Niliondoka mezani. Riyadh alibaki akisema peke yake, "Wanagombana kwa lugha ambayo hakuna hata mmoja duniani anayeisema kwa mdomo."

Jumanne, 30 Aprili

Mvua ya kweli. Mwembe Tayari maji yamefika magotini. Dereva wa tuk-tuk alinishusha njiani, akaniomba radhi. Nilifika kazini viatu mkononi.

Ijumaa, 3 Mei

Nabiha ameubandika ukutani mchoro wa mfumo wangu mzima. Penye udhaifu ametia wino mwekundu. Fungu nyekundu. Lundo nyekundu. Mnada nusu. Nilipita nikijifanya nina haraka.

Karisa, mkuu wa wapakiaji, mtu wa Kaloleni ambaye tumefanya kazi pamoja tangu siku za mwanzo, alisimama kuutazama. "Bi Nana, kwani mfumo una surua?"

Jumatano, 8 Mei

Jana sikuandika kwa sababu sikuwa na mkono wa kuandikia. Leo naandika yote.

Usiku wa kuamkia jana mvua ilinyesha bila kupumua. Asubuhi nilipofika, mfereji wa nyuma ulikuwa umeziba na maji yalikuwa yakiingia Ghala la Tatu chini ya mlango. Chai ikilowa haina dawa. Hunyonya maji kama mkate, na baada ya siku mbili ni uozo. Humo ndani mlikuwa na fungu kubwa la kiwanda kimoja cha wakulima wadogo, chai yao ya mwezi mzima, iliyokuwa iingie mnadani wiki ijayo. Fungu ndivyo tuyaitavyo magunia ya kiwanda kimoja yatakayouzwa pamoja.

Karisa alikuwa ameshawapanga watu wake mlangoni. "Ghala la Kwanza lina nafasi ya nusu," akaniambia. "Ghala la Tano lina nafasi ya nusu ya pili. Nipe ruhusa kwenye mashine nianze."

Mpakiaji alisoma gunia la kwanza kwa skana, akaandika Ghala la Kwanza. Sawa, mashine ikahesabu fungu lote limehamia huko. Wa pili akasoma, akaandika Ghala la Tano. Skana ikalia. Maneno yakatokea kwenye kioo:

*Fungu haliwezi kuwa katika maghala mawili.*

Maneno hayo niliyaandika mimi. Zamani zile tulikuwa na maghala mawili tu, na kuligawa fungu ulikuwa uzembe wa kazi. Nikalizuia jambo hilo kabisa lisiwezekane. Kwa miaka yote hiyo halikuhitajika. Na sasa nimesimama ndani ya maji, nakatazwa na sauti yangu mwenyewe.

"Tuhamishe tu, tutaandika baadaye," akasema mmoja wa wapakiaji.

"La," akasema Karisa. "Ghala la Tano lina chai ya viwanda vingine, na magunia yote yafanana. Mkiyachanganya bila mashine kujua, chai ya hawa itauzwa kwa jina la wengine. Wakulima watakula nini?"

Nilikimbia ofisini. Nabiha alikuwa ameshafika, nguo zimemganda mwilini kwa mvua. Nilimweleza kwa maneno machache. Akavuta kiti akaketi karibu nami.

"Nionyeshe ghala limeandikwa wapi katika Fungu."

Nikamwonyesha. Mstari mmoja: fungu moja, ghala moja.

"Tugeuze iwe orodha ya maghala."

"Ukigusa hapo, mwanangu, utavunja sehemu sijui ngapi. Vipimo, ripoti, mnada. Mimi mwenyewe sikumbuki zote."

"Huna haja ya kukumbuka," akasema. "Itatuambia yenyewe."

Akaubadilisha mstari ule, na Java ikakataa kuutafsiri msimbo. Ikatutajia kila mahali palipotegemea ule mstari, jina la faili na namba ya mstari, hata mahali nilipokuwa nimepasahau kabisa. Yeye akashika kibodi. Mimi nikawa namweleza.

"Hapa kwa nini umepunguza uzito?"

"Karatasi ya gunia. Mnunuzi halipii karatasi."

"Na hapa?"

"Sampuli ya waonjaji. Hutolewa kabla ya mnada."

"Hapa nitaiandika kwa njia mpya, ni fupi zaidi. Itazame kama sijakosea."

Niliitazama. Mistari yangu mingi aliigeuza michache, na kila neno nililisoma likaniingia. Ilikuwa lugha ileile, lakini ilikuwa imekua, kama mtoto wa jirani unayemkuta barabarani amekuwa mtu mzima, ukamjua kwa macho yake. Msimbo wangu wa zamani na wake wa asubuhi ile ukakaa pamoja bila kuzozana. Tukachukua rekodi zote za magunia za mwezi uliopita, tukazipitisha upya kwenye kompyuta ya majaribio ili tuone kama hesabu zitatoka vilevile. Zikatoka vilevile. Muda huo wote malori yalikuwa yakipimwa kwenye mizani ya mbele, na hakuna lori lililosimamishwa kwa ajili yetu.

Adhuhuri ilikuwa bado. Nilishuka mbio, nikamwambia Karisa ajaribu. Skana ikasoma, ikanyamaza, ikakubali.

"Haya, twende!" akapiga kelele, na magunia yakaanza kutembea.

Wakati huo ndipo nilipomwona Bwana Maxwell. Suruali imekunjwa, miguu mitupu, gunia begani, katikati ya mstari wa wapakiaji. Kumbe alikuwa pale tangu asubuhi, akiyapandisha magunia ya chini juu ya mbao ili maji yasiyafikie. Alinipita akihema. "Imekubali, Bi Nana?"

"Imekubali."

"Alhamdulillahi," akasema, Mkristo wa watu, na akaenda.

Tulipoteza magunia machache yaliyokuwa mlangoni. Mengine yote yako salama, na kila moja lajulikana ni la nani.

Tukirudi nyumbani Nabiha akasema, "Mama, msimbo ule uliuandika nikiwa mtoto. Leo nimeushika, nimeugeuza, na haukufa."

"Hayo ndiyo niliyokuwa nikikwambia."

"La. Ulikuwa ukiniambia usiguswe."

Nikaharakisha hatua.

Jumanne, 14 Mei

Fungu la wakulima wale limeuzwa mnadani leo, kamili, kwa jina lao.

Bwana Maxwell amepata mafua. Nimempelekea tangawizi na asali. Ameniuliza kama huku sisi huiweka pilipili manga. Tumezungumza kuhusu mama yake, ambaye analima chai. Sikuwa najua. Nilidhani mtu yule amezaliwa ndani ya suti.

Jumanne, 21 Mei

Nabiha alitaka kujua jambo moja: je, mgeni kabisa anaweza kuusoma mfumo wetu? Akamtafuta binti mmoja wa Tudor aitwaye Mutanu, Mkamba aliyezaliwa na kukulia hapahapa, anayeandika programu za kukatia tiketi za mabasi. Hajawahi kuingia ghala la chai maishani mwake.

Wakamkalisha mbele ya msimbo wangu, na mimi nikaambiwa nisiseme kitu. Ni adhabu kubwa hiyo. Niliketi pembeni na kikombe cha kahawa chungu.

Mutanu alisoma. Akarudi nyuma, akasoma tena. Akacheka peke yake. Kabla ya saa ya chakula alimweleza Nabiha chai inaingiaje, inapimwaje, inagawanywaje, inatokaje. Alikosea jambo moja tu la sampuli, na hilo si kosa lake, sikuwa nimeliandikia maelezo.

"Ulicheka nini?" nikamwuliza mwishowe.

"Kuna mahali umeandika *Lundo, jipange*. Nikasikia kama mama yangu anatuambia tupange viatu." Kisha akaongeza, "Lakini, Bi Nana, mahali pengine pagumu sana. Mtu akiguswa na homa siku hiyo hawezi."

Nabiha alitangaza nafasi mbili mtandaoni wiki jana kuupima upepo, moja ya Java na moja ya Rust, za watu wa kukaa Mombasa. Wa Rust walijibu wachache, hodari kweli, na wote wataka kufanya kazi wakiwa Nairobi au ng'ambo. Wa Java wamejaa: Tudor, Majengo, Kisauni, Likoni. Vyuo vyote vya hapa vinaifundisha.

Nilitaka kusema *sikukwambia?* Nikaimeza pamoja na kahawa.

Ijumaa, 24 Mei

Mvua. Nabiha aandika ripoti. Mlango umefungwa.

Jumatano, 29 Mei

Nilikuwa jikoni nakanda unga wa mahamri, naye yuko sebuleni kwenye simu na Kenneth, mkubwa wake wa Nairobi. Sikukusudia kusikiliza, lakini nyumba zetu za Kibokoni hazina siri.

Ripoti yake imesema: bakini na Java. Msifanye mfumo mpya wote. Badilisheni sehemu kwa sehemu, kazi ikiendelea. Maana yake ni kwamba kazi kubwa ambayo kampuni yake ilitarajia, ya watu kumi na miezi mingi, imekuwa kazi ndogo.

Sikuyasikia maneno ya Kenneth, ila yake nimeyasikia yote.

"Najua tuna watu wanaongoja kazi hii, Kenneth. Nami ni mmoja wao... La, si kwa sababu ni mama yangu... Rust ni nzuri, nimesema hivyo ukurasa wa kwanza. Lakini sioni inawatibu ugonjwa gani hawa... Waweza kuandika nyingine. Lakini jina langu usilitie. Chini ya jina langu nitaandika nilichokiona."

Kisha akakata simu. Alipoingia jikoni macho yake yalikuwa mekundu. Akanawa mikono, akachukua nusu ya unga, akaanza kukanda.

"Niende kwa Bwana Maxwell?" nikamwuliza. "Nimwambie?"

"Usinipiganie, Mama. Ukimwambia wewe, itakuwa ni maneno ya mama na mwanawe, na ripoti yangu itakuwa haina thamani tena."

Nilimwahidi. Nimewahi kumwona binti huyu akipewa zawadi shuleni, akihitimu, akipata mshahara wa kwanza. Siku zote hizo nilifurahi. Leo, akiwa na unga mpaka viwikoni na kazi yake inaning'inia, ndipo nilipojua fahari ni kitu gani.

Jumatatu, 3 Juni

Wamemwondoa kwenye kazi yetu. Ameambiwa apumzike, watamwita.

Alhamisi, 6 Juni

Mvua imelegea. Nabiha amekwenda Makadara, kwenye karakana, kumsaidia babake. Amerudi amechafuka oili na amefurahi kidogo. Riyadh asema ana mkono mzuri.

Ni vigumu kumpita Bwana Maxwell kwenye veranda kila asubuhi, nikasema "Sabalkheri" na nisiseme lingine.

Jumanne, 11 Juni

Kenneth amekuja mwenyewe. Nilimtarajia mtu mwenye pembe. Ni kijana mwenye tumbo dogo na uchovu mwingi, akaniamkia kwa adabu. Ameleta ripoti mpya, nzuri kwa macho: mfumo wote uandikwe upya.

Bwana Maxwell aliifungua, akaenda ukurasa wa mwisho, akarudi wa kwanza.

"Jina la Nabiha silioni."

"Amepewa majukumu mengine," akasema Kenneth.

"Yeye ndiye aliyekuwa hapa maji yalipoingia. Wewe hukuwepo, na waliotia sahihi hii hawakuwepo." Akaifunga ripoti. "Nitamsikiliza yeye kwanza. Kesho kutwa. Na wewe uwepo, sitaki kumsengenya mtu."

Nilikuwa nimeketi pale pale. Ulimi wangu niliuuma mpaka ukauma kweli.

Alhamisi, 13 Juni

Nabiha amevaa buibui lake la Idd na viatu bapa. Aliingia, akatusalimu wote, hakunitazama zaidi ya wengine.

Bwana Maxwell hakuzunguka. "Nabiha, niambie ukweli. Unapendekeza tubaki na Java kwa sababu mama yako ndiye aliyeiandika?"

"Mama yangu aliandika mfumo, hakuandika Java," akasema. "Na napendekeza sehemu kubwa ya aliyoiandika iondolewe."

Chumba kizima kikanigeukia. Mimi mwenyewe ndiyo kwanza nasikia.

Akaendelea. "Fungu iondolewe yote. Lundo iondolewe. Mnada tubakize nusu. Zilikuwa sawa kwa maghala mawili, sasa mna sita. Lakini tukitumia lugha ileile, tutaziondoa moja moja, lori likipimwa. Tukibadili lugha, itabidi tujenge nyumba ya pili kando ya hii, tuhamishe kila kitu siku moja, na tuombe Mungu. Mimi siwezi kuiambia biashara inayoshika chai ya watu iombe Mungu pale ambapo ingeweza kupima."

"Na Rust?"

"Ningekuwa naandika programu ya kukaa ndani ya mizani yenyewe, kwenye kifaa kidogo kisichoruhusiwa kukwama, ningeichagua bila kufikiri. Sikuidharau. Lakini mama yangu anaondoka mwezi huu, na mimi siku moja nitaondoka. Ukitoka nje ya lango hili kutafuta mtu wa kushika kazi hii, ni nani utakayempata kabla ya wiki kwisha? Mutanu wa Tudor aliusoma msimbo huu asubuhi moja. Hilo ndilo mnalolinunua mnapochagua lugha kongwe. Mnanunua watu."

Kenneth alikuwa akitazama meza. Bwana Maxwell akamwuliza ana la kusema. Akasema, "Ningependa asiwe sahihi, kwa sababu nina mishahara ya kulipa. Lakini siwezi kusema kwamba amekosea."

Nilimheshimu kwa hilo.

Bwana Maxwell akanigeukia. "Bi Nana, ni msimbo wako. Unasemaje ukiondolewa?"

Ndani yangu mlikuwa na vitu viwili. Kimoja kilikuwa mwanamke wa miaka ile aliyeandika Fungu akiwa na mtoto miguuni, akijua hakuna wa kumwuliza. Huyo alitaka kulia. Cha pili kilikuwa kikimtazama yule mtoto amesimama mbele ya watu, hakuninunua kwa uongo wala hakuniuza kwa kazi.

"Mkaguzi amesema kweli," nikajibu. "Uondolewe. Ila Fungu aiondoe mtu anayeijua. Nami nitamwonyesha mitego yote kabla sijaondoka."

Wamekubaliana. Kampuni ya Kenneth itapata kazi ndogo, Nabiha aiongoze, na Mutanu aajiriwe hapa ashike nafasi yangu.

Tulipotoka nje Nabiha akaniuliza, "Umekasirika?"

"Sana," nikamwambia. "Njoo twende tukale viazi vya karai."

Jumatatu, 17 Juni

Idd kubwa. Nyama, wageni, watoto, kelele. Alhamdulillahi.

Jumatatu, 24 Juni

Wiki nzima nimekuwa mwalimu. Mutanu yu upande huu, Nabiha upande ule, mimi katikati kama siagi. Mutanu anauliza hata ambayo Nabiha anaona haya kuuliza. Kila ninachoeleza wanakiandika ndani ya msimbo wenyewe, kwa Kiswahili. Walishindana kidogo kama waweke Kiingereza. Mutanu ndiye aliyesema, "Wapakiaji ni wa hapa, sisi ni wa hapa, na mashine haijali."

Mvua imekatika. Mabati yanakauka, Shimanzi nzima yanukia majani makavu ya chai.

Ijumaa, 28 Juni

Siku yangu ya mwisho.

Fungu mpya iliwashwa asubuhi na mapema kabla ya lori la kwanza. Nabiha aliniuliza kama nataka kubonyeza mimi. Nikamwambia hapana, abonyeze Mutanu, maana yeye ndiye atakayebaki nayo. Mutanu akasema "Bismillahi" kwa heshima yangu, akabonyeza, na msimbo wangu wa miaka ishirini ukatoka kazini kabla yangu.

Kulikuwa na keki, Bwana Maxwell akahutubia, Karisa akanipa leso aliyoichagua mkewe. Nililia kiasi cha adabu. Kisha nikawatoroka nikashuka mizanini.

Malori yalikuwa yamepanga foleni mpaka langoni. Nikasimama kando ya kibanda. Lori moja lenye matope ya bara lilipanda juu ya mizani. Uzito ukasomwa, fungu likajulikana, karatasi ikatoka. Dereva, mtu mzima mwenye kofia ya sufu kwenye joto lote lile, aliipokea bila kuisoma, akaikunja, akaitia mfukoni. Hakujua kwamba leo kuna kitu kimebadilika chini ya karatasi ile. Hakuwa na haja ya kujua. Aliuliza tu choo kiko wapi.

Nikamwonyesha.

Nilisikia hatua nyuma yangu. Nabiha alikuja akasimama nami, bega kwa bega, tukatazama magurudumu yakishuka mizanini.

"Linalofuata!" akaita Karisa.